Taya Limenyooka, Maneno Bado



Siku ya sita baada ya operesheni, kaka yangu alichukua simu yangu pale Kamwokya, Kampala, akampigia mama yake hapa kambini. Nilikuwa nimenunua laini mpya, kwa hiyo namba ilikuwa ngeni. Mama Mkubwa akapokea. Kaka akasema, "Mama, ni mimi." Lakini midomo ilikuwa imevimba kama mandazi na meno yamefungwa kwa waya. Basi kilichofika huku ni "Nana, ni nini."

"Ni nini nini?" Mama Mkubwa akauliza. "Weye njo nani?"

"Ni nini, Nana! Ni nini!"

Akakata simu. Halafu akawaambia majirani, "Ule haiko mutoto wangu. Ni mwizi wa simu." Na kusema kweli kosa si lake. Wote tunawajua wale watu wanaopiga simu na kusema mtoto wako amepata ajali, tuma pesa haraka. Mama Mkubwa alifanya kama tulivyomfundisha wenyewe.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na kaka, nikaona uso wake. Alirudisha simu, akachukua daftari lake, akaandika: "Hata mama hanijui." Halafu akageukia ukuta. Siku hiyo hakujaribu kusema tena, na siku iliyofuata hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumejiandaa kwa kila kitu, pesa ya basi, uji, dawa ya maumivu, barua za rufaa, isipokuwa hilo moja. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiri juu ya maneno.

Kaka ameniruhusu niandike, ila amekataa jina lake litajwe. Ni mtoto wa mama mkubwa wangu. Wengi mnamjua kwa sababu Jumapili husimama kando ya mchungaji na kutafsiri mahubiri, Kiswahili kwenda Kinyarwanda na saa ingine kurudi. Hiyo kazi haina mshahara, lakini ndiyo inayompa heshima hapa kambini.

TAYA LILIVYOPINDA

Ilikuwa Machi 2020. Alikuwa abiria kwenye boda, njia ilikuwa na matope, pikipiki ikateleza, akaangukia kidevu. Taya la chini lina umbo la herufi U, na likipigwa upande mmoja mara nyingi huvunjika sehemu mbili: pale lilipopigwa, na tena upande wa pili, huko juu karibu na sikio. Ndivyo ilivyokuwa kwake.

Akaandikiwa aende hospitali kubwa. Lakini tarehe 25 Machi 2020 usafiri wa umma ulisimamishwa Uganda nzima kwa sababu ya korona, na siku chache baadaye hata magari ya watu binafsi. Wagonjwa waliweza kuombewa ruhusa, lakini ruhusa ilihitaji gari, na gari lilihitaji pesa. Tukamfunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini kama mtu anayeumwa jino, tukasubiri. Mfupa haukusubiri. Mfupa wa taya huanza kushikana baada ya wiki chache, na wiki sita hivi zikipita unakuwa umeshakubaliana na mahali ulipo, hata kama mahali penyewe ni pabaya. La kwake lilishikana likiwa limeelekea kushoto.

Akaishi hivyo zaidi ya miaka mitatu. Alitafuna upande mmoja tu. Akipiga miayo, karibu na sikio kulikuwa na sauti ya kukatika na maumivu. Kinywa kilifunguka vidole viwili tu. (Jaribu wewe mwenyewe: mtu mzima mwenye taya zima kwa kawaida anaweza kuingiza vidole vyake vitatu, vimesimama kimoja juu ya kingine, katikati ya meno ya mbele.) Lakini kusema alisema vizuri! Miezi ya kwanza herufi S ilikuwa inamtoka kwa pembeni, baadaye hata sisi tukaacha kuisikia. Kumbukeni hilo, maana litarudi.

KAMWOKYA

Mwisho wa 2023 akapata nafasi ya kurekebishwa Mulago. Mimi nilienda naye kama mtu wa kumlinda mgonjwa, Waganda wanamwita mujjanjabi. Kabla na baada ya kulazwa tulikaa kwa Mama Mdogo wetu, Kamwokya.

Asiyepajua, Kamwokya ni mtaa ulio chini ya kilima cha Mulago, ng'ambo kidogo tu. Barabara ya Kira inapita hapo, na Jumba la Makumbusho la Uganda liko kwenye barabara hiyo hiyo. Ukiingia ndani kuelekea soko, nyumba zimebanana, mitaro imejaa, muziki kila mlango. Kwa mtu ambaye kesho yake anarudi kliniki kwa mguu, hakuna mahali pazuri zaidi. Kwa mtu ambaye meno yake yamefungwa na hawezi kula kitu, ni mateso, kwa sababu kila hatua kumi kuna kijana anapika rolex, ile chapati ya mayai, na harufu haifungwi na waya.

Operesheni yenyewe nitaieleza kwa kifupi kama nilivyoelezwa, maana watu wengi wanaogopa wakisikia "kukata taya". Mfupa ulioshikana vibaya unakatwa tena, unarudishwa mahali meno ya juu na ya chini yanapokutana sawasawa, halafu unashikiliwa na vibao vidogo vya chuma na skrubu. Kwa kiasi kikubwa wanapitia ndani ya kinywa, ndiyo maana usoni hamkuona kovu kubwa. Kisha meno ya juu na ya chini yakafungwa pamoja kwa waya ili mfupa utulie. Kwake waya ulikaa wiki nne, halafu mipira midogo kwa wiki mbili. Wagonjwa wengine hupewa mipira tu tangu mwanzo, inategemea.

Kitu kimoja msikisahau kama mna mtu nyumbani aliyefungwa waya: mkasi wa kukatia waya ukae karibu naye mchana na usiku, na mwenye kumlinda aonyeshwe na wauguzi, kabla ya kutoka wodini, ni waya upi wa kukata. Akitapika au akikabwa, kinywa lazima kifunguke haraka. Mimi niliufunga mkasi kwa uzi nikauvaa shingoni. Watoto wa Mama Mdogo wakaniita fundi umeme.

NI KITU GANI KINABADILIKA

Nilimuuliza daktari kama sauti ya kaka itarudi. Akanisahihisha: sauti haijaenda popote. Sauti inatengenezwa kooni, na koo halikuguswa. Kinachobadilika ni mahali sauti inapokatwa kuwa maneno, yaani midomo, meno, ulimi, na jinsi taya linavyofunguka. Kwangu mimi mwalimu wa silabi hiyo ilikuwa kama kufunguliwa dirisha. Usiku ule nilikaa na daftari nikaandika herufi zote, nikajaribu kuzisema nikiwa nimeuma meno. Jaribuni. Utaona vitu vya ajabu.

Herufi K, G na H hazikupata shida kubwa, maana zinatoka nyuma. T, D, N na L ulimi unazipata hata meno yakiwa yamefungwa, ingawa zinakuwa nzito. Irabu ndizo zinazobanwa: A inataka kinywa kifunguke kuliko zote, kwa hiyo kwa mtu aliyefungwa inasogea kuelekea E. "Baba" inakuwa karibu na "bebe". Kiswahili kimejaa A kila mahali, basi kila neno linabadilika rangi kidogo.

P, B na M hazihitaji meno, zinahitaji midomo ifunge kabisa. Kaka midomo yake ilikuwa imevimba na haikufunga. P ikivuja inakuwa F, M ikivuja inakuwa N. Ndiyo maana "Mama" ilifika kambini ikiwa "Nana".

Uvimbe ulipungua sana katika wiki mbili tatu, na M ikaanza kurudi. Lakini mdomo wa chini na kidevu vilikuwa vimekufa ganzi, na ganzi haikuondoka na uvimbe. Kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani kabisa ya mfupa wa taya la chini, chini ya mizizi ya meno, unatokea kidevuni. Ajali inaweza kuuumiza, na operesheni pia inapita jirani yake. Mshipa huo kazi yake ni kuhisi. Hausogezi mdomo. Kwa hiyo mdomo wa kaka ulikuwa unacheza vizuri lakini mwenyewe hajui uko wapi! Alidhani amefunga midomo kwa ajili ya B, kumbe iko wazi. Uji ulimtiririka kidevuni asijue, mpaka mtu amwonyeshe kwa kidole. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko maumivu yenyewe.

Dawa yake ilikuwa kioo. Kile kioo kidogo cha kunyolea, cha sokoni. Kwa kuwa mdomo haukumwambia kitu, macho yakafanya kazi ya mdomo. Alisema "baba, bibi, bubu" akijiangalia, akaona ni lini midomo imefunga kweli.

Halafu S. Hii ndiyo hadithi yenyewe, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Waya ulipotolewa sote tulikuwa tumekaa tukisubiri atoe neno safi. Taya limenyooka, meno yanakutana, uvimbe umeisha. Akafungua kinywa akamwambia Mama Mdogo, "Nifee shimu." Mama Mdogo akauliza, "Shimo gani tena?" Alitaka simu. Sukari ilikuwa shukari, sasa ilikuwa shasha, na katikati kulikuwa na mluzi kama wa birika. Yaani alisema vibaya kuliko kabla ya operesheni, wakati taya lilikuwa limepinda! Nilikasirika. Nikafikiri wamekosea.

Hawakukosea. Ili kutengeneza S, ulimi unaacha njia nyembamba sana, hewa inapita hapo na kugonga meno ya mbele. Ni kazi ya milimita. Kwa miaka mitatu na nusu ulimi wa kaka ulikuwa umejifunza S ya taya lililopinda: hewa ilielekezwa pembeni, kushoto, maana meno yalikuwa huko. Sasa meno yamerudishwa katikati, na ulimi bado unapeleka hewa anwani ya zamani. Ni kama mtu aliyehamishwa kibanda usiku akiwa amelala. Asubuhi anaamka anaelekea mlango ulipokuwa, anagonga ukuta.

Kwa hiyo maneno kuharibika baada ya taya kunyooshwa si dalili kwamba taya limeharibika. Ulimi unahitaji kujifunza upya, na unajifunza. Angalieni wazee wetu wa Sudan Kusini, Wadinka na Wanuer, ambao walitolewa meno ya mbele ya chini wakiwa vijana kwa desturi yao. Wanasema lugha zao vizuri, wanaimba, wanagombana, hakuna anayewaambia rudia. Ulimi ulipata njia nyingine. Tofauti ni kwamba wao walikuwa vijana na walikuwa wengi pamoja, hakuna aliyemcheka mwenzake. Kaka alikuwa peke yake.

TULIKOSEA WAPI

Nitasema makosa yetu wazi. Kosa la kwanza ni la kwangu. Kwa kuwa nilimwelewa kuliko wengine, nilianza kumjibia. Muuguzi anamuuliza, mimi najibu. Jirani anamsalimia, mimi nasema "anashukuru". Niliona ni huruma. Baada ya wiki waya umetoka, anaweza kusema, lakini anasubiri mimi niseme. Mkalimani alikuwa amepata mkalimani.

Mama Mdogo yeye alinyamaza. Aliogopa kumchosha, kwa hiyo alimletea uji bila kumuuliza kitu. Na vijana wa mtaa walicheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka.

Aliyefanya vizuri kuliko sote ni mtoto wa Mama Mdogo, miaka sita, yuko darasa la kwanza. Yeye akishindwa kuelewa alisema tu, "Sijasikia, sema tena." Bila huruma na bila kicheko. Kaka alirudia. Akishindwa tena, mtoto alimletea daftari. Jioni yule mtoto alikuwa na kazi ya shule ya kusoma silabi, ba be bi bo bu, sa se si so su, na kaka akaanza kukaa naye chini wakasoma pamoja. Mimi nilikuwa nimehangaika kutafuta mazoezi, kumbe yako kwenye daftari la darasa la kwanza! Mtoto alisahihisha mtu mzima: "Siyo sha. Sa!" Walifanya hivyo karibu kila jioni, dakika kumi hivi, kabla taya halijachoka. Taya lililolala wiki nne linachoka upesi, misuli yake imekonda kama mguu uliotoka kwenye plasta.

Mazoezi mengine alipewa hospitali. Kufungua kinywa polepole mara kadhaa kwa siku, bila kulazimisha, kwa kutumia vijiti bapa vilivyopangwa katikati ya meno, kila baada ya siku chache anaongeza kimoja. Alianza na vijiti vichache akilia machozi. Msianze hayo kwa akili yenu, subirini mwambiwe, maana mfupa ambao haujakomaa ukilazimishwa unaweza kusogea. Kusoma kwa sauti hakuna hatari hiyo. Nilimwekea pia ukanda mwembamba wa karatasi mbele ya midomo: ukisema "pa" vizuri, karatasi inaruka. Ikilala tu, hewa inavuja.

Ningependa kusema alionwa na mtaalamu wa usemi kila wiki, lakini hapana, alionwa mara mbili. Wataalamu hao bado ni wachache sana kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho kiko kilima cha jirani tu, kilianza shahada ya kuwafundisha mwaka 2008, na ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukiambiwa yupo hospitali unayokwenda, omba kumwona. Hawahudumii vigugumizi tu kama watu wanavyofikiri. Wanasaidia waliopasuliwa taya, watoto waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka, wazee waliopooza upande mmoja.

Nitoke njiani kidogo. Tukiwa kwenye benchi pale Mulago niliona mama mmoja na mtoto mdogo aliyevimba taya. Kilima hicho kina historia na mataya ya watoto. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa hapo Mulago mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za mataya, juu na chini. Akaanza kuwatafuta wengine, na mwaka 1958 akachapisha habari za ugonjwa huo. Ni saratani, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ilikuja kuonekana kwamba kisu hakiiwezi lakini dawa zinaiweza sana. Kituo kilichoanzishwa mwaka 1967 kuwatibu watoto wa namna hiyo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo, hapo hapo Mulago. Nawaambia kwa sababu hapa kambini nimesikia watu wakisema taya la mtoto likivimba ni jino tu. Linaweza kuwa jino. Lakini uvimbe unaokua wiki hadi wiki, meno yanayolegea bila sababu, usikae nao nyumbani. Ule ugonjwa unakimbia.

NI LINI URUDI HOSPITALI

Mate kutiririka, S yenye mluzi, ganzi ya mdomo, kuchoka kusema baada ya dakika chache, hayo yalikuwa ya kawaida, na tuliambiwa mapema. Kwa watu wengi usemi unaeleweka vizuri wiki kadhaa baada ya kufunguliwa, na miezi mitatu hadi sita unakuwa umezoeleka. Ganzi inachukua muda mrefu zaidi, hata mwaka na kuzidi, na kwa wengine sehemu yake inabaki.

Lakini ukiona homa, usaha, harufu mbaya isiyoisha kwa kusukutua maji ya chumvi, uvimbe unaorudi baada ya kupungua, au meno yaliyokuwa yanakutana sasa hayakutani, usimpe mazoezi. Mpeleke. Vile vile mtu ambaye maneno yalikuwa yanatengemaa halafu yanaharibika tena. Na wale waliopasuliwa taya la juu au kaakaa, maji yakitokea puani wanapokunywa, au P na B zikisikika kama zinapitia puani, waambieni madaktari. Hilo mara nyingi halitokani na ulimi, na silabi peke yake hazitoshi. Kukosa pumzi hakusubiri asubuhi.

Sasa jambo linalotuhusu sisi wakimbizi peke yetu. Kaka aliporudi, uso wake haukufanana na picha ya kwenye karatasi ya familia. Picha ilipigwa akiwa na kidevu kushoto. Halafu maneno yake hayakueleweka. Aliogopa sana kwamba watasema si yeye. Nilimwambia mambo mawili. Tangu ule uhakiki wa 2018 tuliweka alama za vidole na macho, na vidole havikuvunjika. Pili, tulikuwa tumebeba barua ya hospitali inayosema amefanyiwa nini na tarehe gani. Msitoke wodini bila barua hiyo. Na kama una mahojiano wakati maneno bado hayajakaa, sema mwanzoni kabisa, onyesha barua, omba kuandika au kupewa siku nyingine. Usikae unajibu "ndiyo" kwa kila kitu kwa sababu unaona aibu kurudia. Kaka alikiri kwamba dukani Kamwokya alikuwa anafanya hivyo, akarudi nyumbani na sabuni badala ya chumvi. Dukani ni sabuni tu. Kwenye mahojiano linaandikwa jibu ambalo si lako.

SIMU YA TATU

Turudi kwa Mama Mkubwa, maana najua mnasubiri.

Simu ya pili niliipiga mimi mwenyewe, nikaeleza. Aliniamini nusu. "Mpe aseme," akasema. Kaka akasema, na Mama Mkubwa akanyamaza, halafu akasema ile sauti ni ya mgonjwa mwingine, mnanificha kitu, mutoto wangu amekufa. Akaanza kulia. Hapo kaka alinirudishia simu akatikisa kichwa.

Usiku ule nilikumbuka alichosema daktari, kwamba koo halikuguswa. Asubuhi nikamwambia kaka asiseme neno lolote. Avume tu, meno yamefungwa, midomo kama ilivyo. Mnajua kaka ana wimbo wake mmoja anaouvuma akienda kuchota maji, tangu utoto, hauna maneno, na una mahali anapokosea kila siku. Nikapiga simu, nikasema "Mama Mkubwa, sikiliza", nikamwekea simu mdomoni.

Akavuma. Alipofika pale anapokosea, akakosea.

Upande wa pili kukawa kimya kabisa. Halafu nikasikia Mama Mkubwa anawaita majirani kwa sauti kubwa, waje, waje wasikilize.

Toka siku hiyo alipiga kila jioni. Kaka anavuma kwanza, ndipo anajaribu maneno. Mwanzo maneno mawili matatu, halafu sentensi. Mama Mkubwa akawa na mtindo kama wa yule mtoto: "Sijasikia, sema tena." Sijui nani alimfundisha.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Kinywa kinafunguka vidole vitatu, cha tatu kwa shida. Anatafuna pande zote mbili. Rolex ya kwanza aliila pale pale Kamwokya, siku ya kliniki ya mwisho, ilimchukua karibu nusu saa. Ganzi imebaki upande mmoja wa kidevu, ukubwa wa sarafu ya mia, na bado ana kile kioo mfukoni, anakitazama baada ya kula. S imerudi mahali pake ila akiharakisha inapiga mluzi kidogo.

Kanisani alikataa kutafsiri kwa miezi mitano. Aliporudi, mchungaji, ambaye sote tunajua anavyokimbia akihubiri, alikuwa anasema sentensi moja fupi kisha anasimama. Ibada ilikwisha saa nane mchana. Watoto walilala, wengine walinung'unika njaa, na mzee mmoja nyuma yangu alisema ni mara ya kwanza amesikia mahubiri yote mara mbili.